Chai Baada ya Fimbo

Mkuu wangu wa kazi akinisifu, mwili wangu hujiandaa kupigwa. Mabega hupanda, kiganja cha kushoto hujifumba chenyewe, na yanayosemwa baada ya hapo siyasikii. Nimeshavuka miaka hamsini. Ni mhariri wa vitabu vya shule, kazi ninayoipenda na ninayoimudu, na nina watoto waliokwisha kuanza maisha yao. Hata hivyo mtu akinisimamisha kwenye korido akaniambia, "Ndugu, ile kazi umeifanya vizuri sana," usiku ule silali. Anayenifokea hanipi tabu. Kufokewa nimekuzoea tangu utotoni, najua kunaanzia wapi na kunaishia wapi. Wema ndio unaonitia hofu, na hofu hiyo nilifundishwa na mtu mmoja, nilipokuwa darasa la sita na la saba, katika nyumba ya mwalimu kwenye kijiji kimoja cha wilaya ya Lushoto.

Jina lake silitaji. Amekwisha kufariki, na ana watoto ambao hawakunikosea lolote. Tena ninachotaka kusema si habari zake peke yake. Nataka kusema linalompata mtoto pale mkono unaomuumiza unapokuwa ndio ule ule unaomlisha, unaomfundisha na kumfungulia njia. Uvimbe wa fimbo ulipoa ndani ya wiki. Kilichonipotea ni kipimo cha kumjua mtu mwema, na hicho bado nakitafuta.

Uwezo aliokuwa nao hauwezi kueleweka bila kujua hali ya wakati ule. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Shule kama yetu ilitoa mtoto mmoja au wawili waliochaguliwa, na mwaka mwingine hakutoka hata mmoja. Waliobaki walirudi shambani, au waliteremka Mombo na Korogwe kutafuta vibarua, au walichukuliwa na jamaa kwenda kufanya kazi za ndani Tanga na Dar es Salaam. Mwalimu wetu alifundisha Kiswahili na Hisabati darasa la saba. Ndiye aliyeongoza kwaya. Ndiye aliyewaandikia barua wazee wasiojua kuandika, na ndugu wakigombania mpaka wa shamba yeye ndiye aliyeitwa kuwapatanisha. Kila mwaka alichagua watoto wachache wa kuwafundisha jioni nyumbani kwake, bila malipo, na karibu wote waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wamepita katika nyumba ile.

Baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama ndiye aliyetulea, kwa kabichi na viazi alivyovipeleka gulioni kichwani. Siku alipoambiwa kwamba mwanawe ana kichwa na mwalimu anamtaka jioni, alijaza viazi kwenye kapu, akavaa khanga zake za kutokea, akanishika mkono mpaka mlangoni kwa mwalimu. Alipiga goti kusalimia. Kisha akasema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Alimaanisha: mfunze hata kwa kumchapa, almradi unirudishie mtu. Yalikuwa maneno ya shukrani na ya kuaminiana, na wote wawili walicheka.

Sasa nieleze jioni moja, kwa kuwa zote zilifanana. Tulikaa mezani, kwenye mwanga wa chemli, mimi na daftari langu, yeye na chaki ya kuandikia kwenye kipande cha ubao. Ukikosea hesabu hakusema kitu. Alinyoosha kidole tu kuelekea nyuma ya nyumba, ulipokuwa mpera. Ulikwenda gizani kukata fimbo mwenyewe. Ukileta nyembamba, ulirudishwa ukalete nyingine, na ile ya kwanza iliwekwa kando ili itumike pia. Fimbo ilichovywa kwenye ndoo ya maji isije ikavunjika mapema. Ulinyoosha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulihitajika kuandikia. Ulihesabu kwa sauti, na baada ya kila fimbo ulisema, "Asante, mwalimu." Ukikosea kuhesabu, alianza upya. Hakuwa na hasira hata chembe. Alipiga ametulia, kama mtu anayepanga vitabu, na utulivu ule ndio ninaouota mpaka leo.

Akimaliza alinawa mikono, akamimina chai kutoka kwenye chupa. Sukari ilikuwa adimu sana miaka ile, nyumbani kwetu tulikunywa chai kavu au ya muwa, lakini yeye alitia vijiko vitatu vilivyojaa. Alikiweka kikombe mkononi mwangu, katika mkono ule ule uliovimba, akasubiri ninywe. Ndipo alipouliza, kwa sauti ya mzazi kabisa, "Unajua kwa nini nakupiga?" Jibu lilikuwa moja: "Kwa sababu unanipenda, mwalimu." Naye alisema, "Wale wengine nimeshawakatia tamaa. Wewe bado sijakukatia." Nilipoondoka alinikumbusha kwamba ya nyumba ile hubaki katika nyumba ile.

Nilifaulu. Jina langu lilisomwa, mama alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa sauti, na watu walikwenda kumpongeza mwalimu kabla ya kunipongeza mimi. Hapo ndipo jambo lilipofungwa. Kama ningefeli, labda ningepata pa kuanzia kulalamika. Lakini aliyefaulu analalamikia nini? Kila hatua niliyopiga baadaye, kidato cha nne, cha sita, chuo, ajira, ilikuwa ushahidi kwamba mwalimu alikuwa na haki. Nimekutana na watu wengi wa rika langu wanaosema, "Tulichapwa, na ndiyo maana tumekuwa watu." Siwacheki wala siwabezi, kwa sababu niliwahi kuyasema maneno hayo mwenyewe, na nilikuwa nikiyaamini. Siku hizi nikiyasikia huwa natamani kumuuliza msemaji: je, unalala? Mkeo akikununulia shati bila sababu, unajisikiaje?

Nauliza hivyo kwa kuwa mke wangu ndiye aliyeiona hofu hii ya wema kabla yangu. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa yetu alikuwa akipika kitu ninachokipenda, au ananiwekea akiba ya pesa bila kuniambia, halafu mimi nanyamaza siku nzima. Alidhani nimekasirika. Siku moja akaniuliza, "Baba Fulani, kila nikikutendea jema unaniangalia kama ninayekudai. Nakudai nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekaa akisubiri malipo ya wema ule yaje kudaiwa, na kwamba afadhali yadaiwe upesi yaishe.

Yapo mengine, madogo na makubwa. Nafika kila mahali mapema mno. Siwezi kuketi ofisini kwa mtu kabla hajaniamuru, hata awe kijana wa umri wa mwanangu. Kwa miaka mingi niliomba msamaha kabla ya kuuliza swali. Mkono wangu wa kushoto hauna kasoro yoyote, madaktari wameupima, lakini hauna nguvu ya kushika kikombe cha moto. Hata sala iliingiliwa: nilipoambiwa kanisani kwamba Mungu humrudi ampendaye, niliona chemli, meza na ndoo ya maji, na kwa muda mrefu sikuweza kumpigia magoti yeyote bila kuhisi kwamba kuna kitu kinachovywa majini nyuma yangu.

Kubwa kuliko yote ni kwamba alinifundisha kweli. Hili watu hawapendi kulisikia, hasa wanaonihurumia. Mwandiko wangu ni wake, jinsi ya kukata herufi ya "t" na kuning'iniza "g". Upatanisho wa kisarufi ambao leo ndio unaonilisha niliujulia kwenye ile meza, na hadi sasa sijapata aliyeueleza vizuri kama yeye. Siwezi kumtoa ndani yangu bila kung'oa na kazi yangu. Aliyedhulumiwa na mwizi barabarani humchukia mwizi, na mambo yakaisha. Aliyedhulumiwa na mlezi wake hana pa kuiweka chuki, kwa kuwa upande wa pili wa mizani kuna mema ya kweli, na kila akianza kumlaumu husikia sauti inayomwambia kwamba yeye ni mtovu wa fadhila. Sauti hiyo ni ya mlezi mwenyewe.

Nilimsimulia mtu haya kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima kabisa. Nilikuwa nimepelekwa kwa mshauri nasaha katika hospitali moja ya Dar es Salaam kwa sababu ya kukosa usingizi, na daktari alikuwa amechoka kuniandikia vidonge. Yule mama mshauri alisikiliza habari za fimbo bila kunikatiza. Nilizieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninayehariri taarifa ya mtu mwingine. Nilipomaliza akauliza, "Na ile chai, ilikuwa na sukari?" Nikalia kwa namna ambayo sikuwahi kulia tangu baba azikwe. Fimbo nilikuwa nimeshazizungumza na nafsi yangu mara nyingi. Chai sikuwahi. Nilikuwa naitamani chai ile. Kuna jioni nilikokotoa hesabu zote sawasawa, sikupigwa, sikupewa chai, nikarudi nyumbani kwenye ukungu nikihisi nimesahauliwa. Mtoto wa umri ule akifikishwa mahali pa kuona kwamba kutopigwa ni kutopendwa, ameharibiwa kitu ambacho hakitengenezwi kwa kumwambia "sahau, ni mambo ya zamani."

Baadaye nilitafuta vitabu, kwa kuwa ndivyo ninavyojituliza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jennifer Freyd, alichapisha mwaka 1996 kitabu kuhusu majeraha yanayotokana na kusalitiwa. Hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma saikolojia. Binadamu akitendewa ubaya na mtu asiyemhitaji, hukimbia au hupigana. Akitendewa na mtu anayemtegemea kwa chakula, ulinzi au mustakabali wake, kukimbia ni kujiangamiza, kwa hiyo akili yake humkinga kwa kutouona ubaya, au kwa kuubadilisha jina. Ndipo nikaelewa kwamba sikuwa mjinga wala mwoga. Mtoto wa mkata mkonge aliyeona kilichokuwa kikitendeka katika nyumba ile angepaswa kuchagua kati ya kusema na kusoma. Nilichagua kusoma, na ili niweze kusoma ilinibidi niite mateso mapenzi.

Mama nilimweleza alipokuwa mzee sana. Nilisitasita miaka mingi, kwa sababu sikutaka kumnyang'anya fahari yake. Tulikuwa tumekaa barazani akimenya njegere. Nilimwambia kwa ufupi, bila kumficha habari ya ndoo wala ya chai. Aliendelea kumenya. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mikono yako niliiona. Nilikuwa nikikukanda na maji ya chumvi." Ni kweli, alikuwa akinikanda. "Nilimpa ruhusa kwa kinywa changu. Kisha nikaona imezidi, lakini ruhusa nimeshaitoa, nitairudishaje kwa mwalimu? Ningemwendea kwa mlango gani?" Sikumlaumu, na sasa hivi pia simlaumu. Swali lake la mlango ndilo ninalowauliza wenye shule. Mama asiyejua kusoma, mume hayupo, mwanawe anategemea hisani ya mtu mmoja: alikuwa na mlango gani wa kubisha? Mwalimu mkuu alikuwa rafiki wa mwalimu. Mwenyekiti wa kijiji aliandikiwa barua zake na mwalimu. Padri alimtegemea mwalimu kwenye kwaya. Heshima yote ya kijiji ilikuwa imerundikwa juu ya mtu mmoja, na hakuna aliyebaki na ya kumhoji.

Alipofariki nilikwenda kuzika. Ndugu zake walinipigia simu wakasema, "Wewe ndiye tunda lake, utasema maneno machache." Msiba ulikuwa mkubwa. Kwaya ya vijana wake wa zamani iliimba sauti nne alizowafundisha, na ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Wazungumzaji walipanda mmoja baada ya mwingine: marehemu alikuwa mzazi wa wote, marehemu hakupenda uvivu, mchelea mwana kulia hulia yeye, samaki mkunje angali mbichi. Ilipofika zamu yangu nilimwambia mshereheshaji kwamba sitasema. Alidhani uchungu umenizidi. Nilitaka kuwaheshimu wafiwa, na nilitaka pia kutoweka neno langu juu ya lile rundo la sifa, na njia pekee ya kuyafanya yote mawili ilikuwa kukaa kimya.

Jioni, watu wakiwa wametawanyika kwenye viti chini ya turubai, alinijia mwanamume mmoja mwenye koti la bodaboda. Tulisoma pamoja. Aliacha shule darasa la sita. Kijijini aliitwa mtoro, na jina hilo lilimganda hata alipooa. Alinipa mkono, akaniuliza za mjini, nami nikamuuliza za nyumbani. Kisha akasema, "Lakini wewe mwenzetu ulikuwa na bahati. Wewe alikuwa hakugusi." Nilimwambia kila kitu pale pale, kwa sauti ya chini, huku wanawake wakipita na masufuria ya ubwabwa. Alinitazama muda mrefu. "Kumbe," akasema. "Sisi alikuwa anatupiga nje, mbele za watu, na wewe anakupiga ndani. Sasa nani alibaki?"

Tulikaa mpaka usiku tukihesabu majina, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyekimbilia Handeni. Yule dada aliyeolewa akiwa mtoto kwa sababu alikataa kurudi darasani. Yule aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, ambaye sasa anakunywa gongo asubuhi. Hakuna hata mmoja katika hao ambaye aliwahi kuulizwa anakimbia nini. Rejista ilikuwa na neno moja tu la kuwaeleza, utoro, na neno hilo liliweka kosa juu ya mtoto na kulifuta juu ya mkubwa. Mimi niliyefaulu nilitengenezewa hadithi ya mafanikio, wao wakatengenezewa hadithi ya uvivu, na hadithi zote mbili zilimlinda mtu yule yule.

Watu husema haya ni ya zamani. Kanuni za serikali ya Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nilikuwa nimeshamaliza shule wakati huo. Na bado, Agosti 2018, mtoto wa darasa la tano huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa hadi kufa. Nchi ilitetemeka. Mimi niliwaza watoto wote waliopigwa wiki ile ile katika shule nyingine na wakarudi nyumbani wakitembea kwa miguu yao. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufikisha miaka 18. Takwimu kama hizo huwa zinazungumzwa kwenye semina siku mbili, kisha tunarudi kwenye methali zetu.

Na uchunguzi huo huo ulieleza jambo ambalo siwezi kulipita. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mimi sikuguswa hivyo. Lakini wapo walioingia katika chumba kama kile nilichoingia, kwa mwaliko kama ule, wazazi wao wakiwa wameshukuru kama mama alivyoshukuru, wakatoka na jeraha ambalo hawana hata jina la kuliitia mbele ya watu. Wakenya wameliandika vizuri katika Sheria yao ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Kifungu cha 24 kinamtaja waziwazi mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumwingilia mwanafunzi, na kinamwekea kifungo cha miaka isiyopungua 10. Kinachonigusa ni kwamba sheria ile imetambua cheo chenyewe kuwa silaha. Haingoji kuuliza kama mtoto alipiga kelele. Inajua kwa nini hakupiga.

Napenda kuwaeleza wazazi kilichonifaa mimi, kwa kuwa najua wengi wenu mna watoto wanaosoma tuisheni jioni. Nilipokuwa nawalea wangu sikuwakataza masomo ya ziada, maana ushindani upo na sitaki kuwadanganya. Nilitaka yafanyike mahali ambapo mtu mwingine mzima anaweza kupita bila kubisha hodi. Niliwaambia walimu wao, kwa adabu na mbele ya watoto wenyewe, kwamba sijatoa ruhusa ya kupigwa, ili mtoto asikie kwa masikio yake kwamba hakuna mkataba unaofanyika juu ya kichwa chake. Na niliwaambia watoto kwamba hakuna siri ya mtu mzima ambayo wao wanawajibika kuitunza. Mwalimu mwema hakunichukia kwa hayo. Mmoja alinishukuru, akasema na yeye alikuwa na mwalimu wake. Leo ipo pia namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo mtoto au jirani anaweza kuipiga bure. Mama angekuwa nayo, labda angepata mlango.

Tena siamini kwamba walimu wetu hawabadiliki. Huko Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na shule za msingi, likiwahusisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kupanga nidhamu isiyo na fimbo. Watafiti wakalinganisha shule hizo na nyingine ambazo zilikuwa hazijaanza mpango huo, jumla shule 42. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health. Katika shule ambazo hazijaanza, asilimia 49 ya wanafunzi walisema walipigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita. Katika zile zilizoanza walikuwa asilimia 31. Bado ni wengi mno, lakini ni muda wa miezi 18 tu. Anayeniambia kwamba fimbo iko katika damu yetu, namwonyesha Luwero.

Yule rafiki yangu wa bodaboda sasa ni mjumbe wa kamati ya shule, shule ile ile aliyoitoroka. Wazazi walimchagua kwa sababu anawasafirisha watoto wao na watoto wanampenda. Mwaka huu alinipigia simu kuniuliza ile habari ya kitabu cha adhabu niliyomwambia msibani: je, ni kweli kipo kisheria, na je, mjumbe ana haki ya kuomba kukiona? Nikamwambia kipo, na aombe kupitia kikao, kwa maandishi, iandikwe kwenye muhtasari. Aliomba. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyehamia pale hivi karibuni, alisema kwamba tangu afike hajakiona, na kwamba yeye mwenyewe angependa kiwepo. Wamekubaliana lijadiliwe kikao kijacho, pamoja na habari ya watoto walioandikwa watoro muhula huu: wajumbe waende kwao, nyumba kwa nyumba, wakawaulize wanakimbia nini. Ameniomba nimwandikie hoja hiyo vizuri, maana anasema mwandiko wake haujakaa sawa tangu alipoacha shule. Nimemwambia aandike yeye, kwa maneno yake, mimi nitaisoma akimaliza. Jana ameniletea ukurasa wa kwanza kwa simu, amepiga picha.